Kitenzi cha Kihispania kinakugomea wakati uliopo? Cheki mkia kwanza

Nina kaunta buku moja imejaa makosa ya watu. Jioni tunakaa watu sita saba barazani hapa Mikindani kujifunza Kihispania, wengine wanataka kutembeza wageni Kilwa Kisiwani, mmoja anataka tu aelewe makocha wa Hispania wanasema nini baada ya mechi, dada mmoja ana ndugu zake wako kikazi Malabo kule Guinea ya Ikweta ambako Kihispania ndo lugha ya serikali, na kila mtu akikosea mimi naandika. Baada ya miezi nikaona makosa hayaji mapya, ni yaleyale yanajirudia, na karibu yote yanatokea sehemu moja, kwenye mkia wa kitenzi wakati uliopo. Kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa dalili, wewe tafuta ya kwako uanzie hapo, si lazima usome yote. Kila dalili sababu inayotokea sana nimeitanguliza na ya nadra iko chini, na kipimo chepesi kinakuja kabla hujafungua mashine yote.

Kwanza ujue kikiwa kizima kinafananaje

Kwenye kamusi kitenzi cha Kihispania kinaishia na -ar, -er au -ir. Hako kamkia ni kama ku- yetu: hablar ni kuongea, comer ni kula, vivir ni kuishi. Kabla hujafanya lolote unakibangua kama korosho, ganda unatupa unabaki na kiini, habl-, com-, viv-, alafu kwenye kiini unabandika mkia wa yule anayefanya.

hablo (naongea), hablas (unaongea), habla (anaongea), hablamos (tunaongea), habláis (mnaongea), hablan (wanaongea)

como, comes, come, comemos, coméis, comen

vivo, vives, vive, vivimos, vivís, viven

Ile ya tano, habláis, coméis, vivís, ni ya "nyie" na inatumika Hispania. Ng'ambo kule, kuanzia Mexico mpaka Chile, nyie ni ustedes na kitenzi chake ni kilekile cha wao: hablan, comen, viven. Kama wageni wako wengi wanatoka Amerika usijiumize nayo mwanzoni, itambue tu ukiisikia.

Sasa kitu kimoja nataka ukishike maana kinatibu nusu ya dalili zote za huku chini. Sisi tayari tunajua kitenzi kinabeba mtu. Ukisema "nalima" hakuna anayekuuliza nani, mtu yumo humohumo ndani, amekaa kichwani, ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Mhispania naye anafanya hivyohivyo ila yeye mtu kamweka mkiani. Basi. Inaniuma nikiona mtu aliyezaliwa na hii akili anateseka wiki tatu kwa sababu anajifunzia kwenye epu inayofundisha kupitia Kiingereza, lugha ambayo kitenzi chake karibu hakibadiliki na mtu lazima atajwe pembeni kila mara. Funga hiyo njia, toka Kiswahili uende Kihispania moja kwa moja.

Dalili: Kila kitu chako kinaishia na -a

Hii ndo inaongoza kwenye kaunta buku, kurasa na kurasa. Mtu anasema yo trabaja, tú trabaja, nosotros trabaja (yo ni mimi, tú ni wewe, nosotros ni sisi), anaona mbona fresh tu.

Sababu ya kwanza wengi hawaishtukii ni Kiswahili chenyewe. Vitenzi vyetu vya asili vinaishia na -a, soma, lima, pika, vua, cheza, na hiyo -a haisemi chochote kuhusu nani, ni ya kufungia neno tu. Sikio letu limezoea kwamba -a mwishoni ni mahali pa kupumzika. Sasa kwa Kihispania hiyo -a inasema, inasema YEYE. Trabaja ni anafanya kazi, kwa hiyo ukisema yo trabaja ni kama umesema "mimi anafanya kazi", na ndivyo mwenyewe anavyokusikia.

Kipimo chepesi: chukua sentensi yako, funika kwa kidole maneno yote ubaki na kitenzi peke yake, alafu jiulize kinasema nani. Trabajo, nafanya kazi. Trabajas, unafanya. Trabaja, anafanya. Kama kidole kimeficha yo na kitenzi kilichobaki kinasema yeye, umekamata kosa.

Sababu ya pili ni kusikia. Watu wanajifunza neno kutoka kwenye vidio au wimbo, na humo neno linalokuja mara nyingi ni la yeye, canta, baila, espera, wanalibeba hivyohivyo wakidhani ndo jina la kitenzi. Dawa yake ukiandika neno jipya daftarini andika la kamusi, cantar, bailar, esperar, usiandike lile la kwenye wimbo. Na usisahau canta na baila na espera ni amri pia, imba, cheza, subiri, kwa hiyo mwimbaji pengine alikuwa anakuamrisha tu.

Ikishindikana hapo fanya zoezi nililompa kijana mmoja wa bodaboda, lilimchukua siku nne. Unachukua kitenzi kimoja tu, sio kumi, unakitembeza kwa watu sita ukianza na Kiswahili kwa mdomo: nauza vendo, unauza vendes, anauza vende, tunauza vendemos, mnauza vendéis, wanauza venden. Yeye alikuwa anafanya akisubiri abiria kijiweni. Mdomo unazoea kwamba mabadiliko ya kichwani kwetu yanatua mkiani kwao.

Dalili: Mwanaume unampa -o, mwanamke unampa -a

Él hablo, ella habla. Hii inawapata walioanza na majina ya vitu, wakajua libro, mesa, alto, alta, kwamba -o ni ya kiume na -a ni ya kike, wakaihamishia kwenye vitenzi. Kitenzi cha Kihispania hakijali jinsia kabisa, sawasawa na a- yetu, "anaongea" ni baba ni mama. Él habla, ella habla. Ile -o kwenye kitenzi cha wakati uliopo ni yangu mimi mwenyewe, iwe nimevaa kanzu au kanga.

Na vitu je, maana sisi tuna ngeli? Kuna mtu aliniuliza mashua inasema nini, kisima kinasema nini, mti unasema nini. Kitu kimoja kinachukua mkia wa yeye, vitu vingi vinachukua mkia wa wao, imeisha. El barco llega, chombo kinafika. Los barcos llegan, vyombo vinafika. Huna haja ya ki- vi- wala u- i-, hapo wao ndo wana unafuu kuliko sisi.

Dalili: Yo yo yo yo

Unaongea vizuri, mikia yote iko sawa, lakini Mhispania anakuangalia kama unagombana naye. Cheki unarudia yo mara ngapi. Yo camino al mercado, yo compro pescado, yo como en casa. Itafsiri kwa Kiswahili uisikie: mimi natembea kwenda sokoni, mimi nanunua samaki, mimi nakula nyumbani. Mtu anayeongea hivyo hapa Mikindani tutamuuliza nani kakuudhi. Toa yo zote, Camino al mercado, compro pescado, como en casa. Pale ambapo kwa Kiswahili ungesema "mimi" kwa kutofautisha, mimi napika yeye anakula tu, hapo na yo iweke, yo cocino y él come.

Sehemu moja tu tahadhari. Mkia wa yeye unatumiwa na watu watatu, él (yeye wa kiume), ella (yeye wa kike) na usted (wewe wa heshima), kwa hiyo kama haijulikani ni nani unataja mara ya kwanza, ukishamtaja unaachia.

Dalili: Unamsemesha mtu mzima kama mwenzio

Wengi wanakosea hapa bila kujua, na mimi hii nailinda sana kwa sababu ni heshima. Kuna mkia wa tú (hablas, comes, vives) na kuna usted (habla, come, vive). Usted ni wewe wa heshima lakini anachukua kitenzi cha YEYE. Watu wanashangaa, namwambia mtu usoni, vipi kitenzi kiwe cha yeye? Neno usted limetokana na vuestra merced, yaani kama kusema "hisani yako", kwa hiyo zamani ulikuwa unasema "hisani yako inaongea", na hisani ni kitu cha tatu. Neno likafupika, kitenzi kikabaki palepale.

Kama kwenu Masasi au Nachingwea mnaongea Kiyao wala hili halikusumbui, maana unajua mzee humsemeshi kwa umoja kama mtoto, unamsemesha kwa wingi. Ni wazo lilelile, kitenzi kinasogezwa pembeni ili kisimgonge mtu kifuani.

Makosa yanayokuja: la kwanza usted hablas, umeweka heshima mbele alafu mkia wa kishikaji nyuma, ni kama kumwamkia mtu shikamoo huku umekaa na mguu juu ya meza. Rekebisha iwe usted habla. La pili wengi wanampa usted mkia wa hablan wakidhani heshima ni wingi kama Kiyao, hapana, hablan ni ya ustedes, watu wengi. Kuhusu lini utumie ipi nchi zinatofautiana, Hispania siku hizi tú inatumika sana hata na mtu mmekutana leo, Colombia sehemu nyingi usted inatumika hata kwa watu wa karibu. Mgeni mwenye mvi anza na usted, yeye mwenyewe atakuambia kama anataka tú.

Dalili: "Sisi" inakuja vibaya, vivemos, escribemos, comimos

Hii dalili ina mambo mengi na huku kwetu ina sababu ambayo nadhani mtu wa Moshi hana.

Anza na kipimo. Mikia ya -er na -ir inafanana yote, isipokuwa sisi na nyie tu. Como vivo, comes vives, come vive, comen viven, hamna tofauti. Ukifika kwa sisi kila kitenzi kinarudisha irabu yake ya kuzaliwa, -ar inatoa -amos, -er inatoa -emos, -ir inatoa -imos. Kwa hiyo ukikwama kwa sisi rudi kwenye neno la kamusi uangalie irabu ya mkia, hiyohiyo ndo unayoitumia. Beber, bebemos. Abrir, abrimos. Subir, subimos. Inatosha kwa watu wengi.

Kama haijatosha, jiulize kama unajua Kireno. Sisi tuko jirani na Msumbiji, watu wana ndugu ng'ambo ya Ruvuma, Wamakonde wako pande zote mbili, wengine wamefanya biashara Palma au wamevuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala mara nyingi tu, na wamerudi na Kireno cha kuelewana. Kireno kinakusaidia sana maana mikia karibu ni ileile, lakini kuna vitenzi ambavyo Kireno kinaviweka kwenye -er na Kihispania kinaviweka kwenye -ir. Kuishi kwa Kireno ni viver, kwa Kihispania vivir. Kuandika ni escrever na escribir. Kupokea ni receber na recibir. Kwa hiyo mtu aliyekaa Palma anasema vivemos kwa kujiamini kabisa na kwa Kireno yuko sahihi mia kwa mia! Kwa Kihispania ni vivimos, escribimos, recibimos. Nilimsahihisha mama mmoja muuza vitenge mara tano kabla sijagundua shida sio yeye, ni lugha mbili zinagongana kichwani kwake. Dawa ni kuandika karatasi ndogo ya hivyo vitatu na vingine utakavyokutana navyo uibandike ukutani.

Dalili nyingine ya Kireno ni wao kuishia na -m, falam, comem, vivem. Kihispania ni -n daima: hablan, comen, viven. Na kuongea kwenyewe ni hablar, falar iache ng'ambo.

Sababu ya tatu ni ya nadra kidogo ila ina madhara. Comimos ipo kwenye Kihispania, sio neno la hovyo, lakini maana yake ni tulikula. Ukimwambia mgeni comimos a la una (saa saba), anadhani mmeshamaliza, anakaa na njaa. Ya sasa ni comemos. Kwa hablamos na vivimos sasa na jana zinafanana kabisa kwa maandishi, usitafute kosa, unaangalia maneno ya pembeni kama hoy (leo) au ayer (jana).

Hapohapo niseme na saa, maana naona watembeza wageni wanalia nayo. Abrimos a las ocho ni tunafungua saa mbili asubuhi, sio saa nane, ingawa ocho ni nane. Kitenzi kinaweza kuwa sahihi na mgeni bado akafika mlango umefungwa.

Dalili: Umeandika sawa, ukisema hawaelewi

Sababu ya kwanza ni mkazo kwenye neno la kamusi. Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kila siku, na kwa mikia ya wakati uliopo bahati inakuangukia kwa sababu HAblo, HAblas, HAbla, haBLAmos, HAblan zote zinapigwa palepale ulipozoea. Yanayovunja ni mawili. Neno la kamusi linapigwa mwisho, haBLAR, coMER, viVIR, sisi tunasema HAblar. Na ile ya nyie, habLÁIS, coMÉIS, viVÍS, alama iliyoko juu ya irabu inakuonyesha kabisa upige wapi.

Kipimo: rekodi kwenye simu ukisema hablo mara tatu. Kama mwisho unapanda simama urekebishe, maana habló iliyopigwa mwisho ni aliongea. Mkazo tu umehama na wewe umemleta mtu mwingine na siku nyingine.

Sababu ya pili ni herufi. H haisomwi kabisa, hablo ni "ablo". J inasomwa kh, ile kh ya wazee wa Kilwa wakisema sabalkheri, kwa hiyo trabajo ni "trabakho", sio j ya jambo. Ll wengi wanaisoma kama y, llego ni "yego". Ñ ni ny yetu, enseño ni "ensenyo", hapa watu wengine wanahangaika sisi tunapita. V ni b, vivo ni "bibo". Umeona mwenyewe, tena kwa watu wa mikorosho huku neno bibo halisahauliki. Z na c kabla ya e au i ni s kwa Amerika, na sehemu kubwa ya Hispania ni th ya thamani, ila z ya zawadi usiiguse.

Kama r na l zinakuchanganya, hilo linataka muda, lishughulikie peke yake. Comel haieleweki.

Na neno leo, kutoka leer, kusoma, maana yake nasoma. Linatamkwa vilevile kama leo yetu. Leo, lees, lee, leemos, leéis, leen. Ni kitenzi cha kawaida kabisa, irabu mbili zikikaa pamoja zisikutishe.

Dalili: Ukikana, kitenzi kinaharibika

Sisi kukana ni kazi nzito, nasoma sisomi, kichwa kinabadilika na mkia unabadilika. Mtu anataka kufanya hivyo kwa Kihispania anatoa no habli. Usiguse kitenzi. Weka no mbele tu: hablo, no hablo. Comen, no comen. Imeisha.

Dalili: Unaitafuta -na- huioni, unaweka estoy

Estoy hablo, estoy como (estoy ni niko). Mtu anasema "ni-na-soma" kuna ni- ya mtu na -na- ya wakati, sasa kwenye leo iko wapi na? Haipo peke yake, ule mkia mmoja umebeba mtu na wakati kwa pamoja. Hablo inabeba naongea, inabeba huwa naongea, na hata ya kesho kama tunavyosema sisi "kesho naongea na bosi", mañana hablo con el jefe. Kwa hiyo toa estoy, utakuwa salama mara nyingi. Ukitaka kusema muda huuhuu nikiwa katikati ya tendo, hapo estoy inaruhusiwa lakini kitenzi kinabadilika kuwa hablando, comiendo, viviendo. Kwa mwanzo baki na hablo.

Dalili: Vitenzi viwili vimefuatana na vyote vina mikia

Necesito compro arroz. Sababu ni kwamba kwetu inakubalika kusema nahitaji ninunue mchele, vitenzi vyote vina mtu. Kipimo ni kuirudisha kwa ku-: nahitaji kununua. Pale palipo na ku- wao wanaacha ganda lake, -ar -er -ir. Necesito comprar arroz. Debo trabajar, lazima nifanye kazi. Cha kwanza tu ndo kinabanguliwa.

Dalili: Yo se llamo

Karibu kila mtu siku ya kwanza. Sababu ni -ji- yetu, ambayo haibadiliki, najiita unajiita anajiita, ji ni ileile. Yao inabadilika na mtu: me llamo, te llamas, se llama, nos llamamos, os llamáis, se llaman. Kitenzi cha kamusi kinaandikwa na se nyuma, llamarse, levantarse, hiyo se ni ya yeye na wao na usted tu, wewe ukijisemea weka me. Me levanto a las seis, naamka saa kumi na mbili.

Dalili: Yo gusto ming'oko

Gustar ina mikia ya kawaida kabisa ila mtendaji sio wewe, ni kile kitu. Isome kama "hunipendeza". Samaki hunipendeza, me gusta el pescado. Korosho hunipendeza, na kwao korosho nyingi ni wingi, me gustan los anacardos. Kwa hiyo hapa unacheki kitu ni kimoja au vingi, usijicheki wewe. Ukisema yo gusto unajaribu kusema mimi ninawapendeza watu, na hukumaanisha hivyo.

Dalili: Umefuata kila kitu na bado ni kosa

Hapa ndo pa kusimama. Umebangua vizuri, mkia sahihi, umeandika podo, dormo, quero, teno, mwalimu anakata. Usirudie mara kumi ukidhani umekosea kubangua, na tafadhali usianze kubadilisha mikia uliyokwisha kuijua, nimeona mtu akiharibu hablo yake kwa sababu ya dormo. Shida ni kitenzi, hicho sio cha kawaida.

Wanaokuja sana ni wale wanaovimba kwenye kiini mkazo ukiangukia hapo: poder inatoa puedo, dormir duermo, querer quiero, pedir pido, jugar juego. Ukifika kwa sisi mkazo unahamia mkiani na kiini kinarudi kuwa cha kawaida, podemos, dormimos, queremos, pedimos, jugamos. Kwa hiyo mikia yako uliyojifunza haijapotea, inafanya kazi vilevile.

Wanaofuata wameharibika kwa mimi tu: tengo, hago, salgo, pongo, conozco, sé, doy, veo. Tengo ana makosa mawili, mimi na uvimbe, tienes, tiene. Alafu wako ser, ir, estar na haber, hao unawajifunza kama watu, mmoja mmoja, soy, voy, estoy, he.

Kuna wanaoonekana wagonjwa na sio wagonjwa. Proteger inatoa protejo, recoger recojo, vencer venzo, ni maandishi tu yamebadilika ili sauti ibaki ileile. Enviar inatoa envío na continuar continúo, alama inaonyesha mkazo. Lakini estudiar inatoa estudio bila alama. Hizo hakuna kipimo cha kichwani, unaangalia.

Pa kuangalia ni kamusi ya Real Academia Española, iko bure kwenye intaneti, ukitafuta kitenzi kuna sehemu ya Conjugación inakupa mikia yote. Epu mbili zikigombana, hiyo ndo inaamua. Ukiona hablás, comés, vivís kutoka kwa Muargentina au Muuruguai usimsahihishe, huyo anatumia vos badala ya tú na ndivyo kwao wanavyoongea, wewe endelea na hablas yako atakuelewa.

Tafuta mwalimu kama umeshindwa na dalili ileile wiki mbili mfululizo, maana hapo kuna kitu unakisikia vibaya na wewe mwenyewe huwezi kujisikia. Tafuta mwalimu kama una mtihani na karatasi zako zinarudi na alama nyekundu kwenye vitenzi ambavyo hapa sijavitaja. Na kuna sehemu usiguse kabisa hata kama mikia yako yote iko vizuri: mkataba, fomu ya viza, maelezo ya polisi, mgonjwa hospitali. Mgeni akizidiwa Kilwa na wewe ndo peke yako unayejua Kihispania, mwambie espero contigo, nasubiri na wewe, kaa naye, umshikie maji, ila dawa anazotumia na ugonjwa alionao asisemewe na mtu ambaye bado anachanganya tomo (natumia) na tomó (alitumia). Mpigieni mkalimani, au mtu wake wa nyumbani kwa simu aongee na daktari.